Aliyeitwa kuimba akarudi bila kuimba: kisa cha Plight & Premonition

Majira ya baridi ya 1986 kuingia 1987, David Sylvian alitoka Uingereza kwenda Ujerumani Magharibi kwa kazi ndogo tu. Rafiki yake Holger Czukay alikuwa na albamu mkononi na alimtaka amtilie sauti katika wimbo mmoja. Kazi hiyo haikufanyika. Aliyekuja kuimba aliketi kwenye vyombo vilivyokuwa studioni, akaanza kuchezacheza, na kilichotokea baada ya hapo ni vipande viwili virefu visivyo na mwimbaji, visivyo na ngoma, visivyo na hata mstari mmoja wa tuni ambao msikilizaji anaweza kuondoka nao. Vilitoka 1988 kama albamu, Plight & Premonition. Cha kwanza, Plight, kina dakika kama 18; cha pili, Premonition, kama 16.

Nimeichagua albamu hii kwa sababu inajibu swali ambalo kila anayeanza kusikiliza muziki wa mvumo, ule wa milio mirefu inayoshikiliwa bila mpigo, hujiuliza: kwa nini kipande kimoja kisicho na wimbo kinakushika hadi mwisho, na kingine chenye sauti zilezile kinakuchosha dakika ya nne? Hapa jibu lake linaonekana wazi, maana tunajua kanda zilirekodiwaje. Kilichonaswa ni mtu akitafuta. Na kila alipokaribia kupata, aliyekuwa kwenye mashine alimsimamisha.

Tuwatazame kwanza hao wawili, kwa sababu ni watu wa rika tofauti na kila mmoja alifika kwa njia yake.

Sylvian alizaliwa 1958, kusini-mashariki mwa London. Alikuwa sauti na uso wa kundi la Japan, lililoanza miaka ya sabini kwa roki ya kujipamba na likamaliza mahali tofauti kabisa. Wimbo wao Ghosts ulifika nafasi ya 5 katika chati ya Uingereza mwaka 1982, jambo ambalo hadi leo linanishangaza, kwa sababu hauna mpigo wa kuchezea hata kidogo: ni sauti yake, milio michache ya sinthesaiza, na nafasi tupu katikati. Mwaka huohuo kundi likavunjika. Huo ulikuwa wakati ambapo vijana wengi wa Uingereza waliopitia mlango uliofunguliwa na panki, ile roki fupi ya kasi na hasira, walikuwa wameanza kuliacha gitaa la kasi. Wire ni mfano mzuri. Albamu yao ya kwanza, Pink Flag ya 1977, ilikuwa na nyimbo 21 zilizobanwa ndani ya dakika kama 35. Kufikia 1980 wawili kati yao, Bruce Gilbert na Graham Lewis, walikuwa studioni wakitengeneza mivumo mirefu ya kanda na vyuma, kwa jina la Dome na kwa majina yao wenyewe. Jah Wobble alipiga besi katika kundi la Public Image Ltd, kisha akatoka na kwenda kufanya kazi na Czukay huyuhuyu. Watu hawa wa posti-panki, yaani waliokuja baada ya panki, walikuwa wamechoshwa na wimbo kama umbo, na wengi wao walipotafuta mwalimu walimkuta Ujerumani.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na miaka ishirini zaidi ya Sylvian. Czukay alizaliwa 1938 Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk ya Poland. Akiwa kijana alifanya kazi katika duka la kutengeneza redio, na tangu hapo hakuachana na masafa mafupi. Alisoma kwa Karlheinz Stockhausen, mtunzi wa muziki wa kielektroniki, mjini Cologne, kisha 1968 akashiriki kuunda Can, kundi la roki ya majaribio, akipiga besi. Lakini ukiuliza kazi yake kubwa ndani ya Can ilikuwa nini, jibu langu ni wembe. Kundi lilicheza kwa saa nyingi bila kupanga, kanda ikizunguka, halafu Czukay akakaa peke yake na kukatakata na kuunganisha mpaka wimbo ukaonekana. Na alikuwa na tabia moja zaidi: kuiacha mashine ikirekodi wakati wenzake wanadhani wamepumzika. Baadhi ya sehemu za ajabu kabisa za Tago Mago, albamu ya 1971, zilitoka katika kanda za namna hiyo.

Studio yenyewe ilikuwa ukumbi wa zamani wa sinema huko Weilerswist, si mbali na Cologne. Can waliuhamia 1971 na kuzifunika kuta kwa magodoro ya jeshi ili kuua mwangwi. Hapa ndipo Sylvian alipofikia. Haikuwa studio ya mjini yenye chumba cha mafundi upande mmoja wa kioo na wanamuziki upande wa pili. Ilikuwa chumba kimoja kikubwa, vyombo vimetandazwa, na mashine ya kurekodi humohumo ndani.

Katika chumba hicho kulikuwa na piano, vibrafoni (vibao vya chuma vinavyogongwa), sinthesaiza, gitaa, na harmonia. Harmonia haihitaji kuelezwa kwa wapenzi wa taarabu ya Lamu na Mombasa: ni kile kinanda cha upepo ambacho mivukuto inasukuma hewa kwenye vilimi vya shaba. Faida yake kwa kazi ya namna hii ni kwamba noti haifi. Piano ukiibonyeza, mlio huanza kufa papo hapo. Harmonia itashikilia noti kadiri hewa inavyokuja, na upepo ukipungua kidogo mlio unatetereka, unakuwa kama una pumzi. Sylvian aliketi akaanza kutafuta: noti hii, pamoja na ile, hapana, rudi, jaribu ya chini yake. Hakuwa akipiga kitu. Alikuwa akijiandaa kupiga.

Czukay alikuwa ameshawasha mashine na hakumwambia. Kama wenyewe walivyosimulia baadaye, Sylvian alipoanza kuona sasa nimepata, sasa naweza kurekodi, Czukay alimkatiza na kumwomba ahamie chombo kingine. Huko nako akaanza upya kutafuta, na kanda ikaendelea.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Mtu anayejua anachokipiga husukuma noti mbele. Kila noti inajua inayofuata, na msikilizaji huisikia hiyo hakika hata kama hana elimu ya muziki. Mtu anayetafuta hubonyeza kwa namna nyingine. Hugusa taratibu, huachia mapema, hunyamaza kidogo asikie amejibiwa nini, kama anayepapasa ukutani gizani akitafuta swichi. Ukiondoa kutafuta na kuacha mvumo peke yake, unapata kile kinachojaza albamu nyingi za ambienti, muziki wa kutuliza mazingira, zinazouzwa kwa ajili ya kulalia: mlio mzuri unaojua kwamba ni mzuri, ukijirudia. Sikio linauelewa katika nusu dakika, na baada ya hapo halina kazi. Katika Plight kazi haiishi, kwa sababu aliyepiga mwenyewe hakuwa anajua.

Sikiliza jinsi piano inavyoingia. Haiingii kama kiongozi. Noti moja inadondoka mbali, juu ya mlio wa kinanda unaopanda na kuzama, kisha muda unapita, mrefu kuliko ulivyotarajia, ndipo nyingine inafuata, na mara nyingi hiyo ya pili haimalizii ile ya kwanza. Inauliza upya. Mara ya kwanza unaweza kudhani ni ujanja wa utunzi, kwamba mtu amekaa akapanga noti chache zikae mbalimbali ili kuleta hisia za baridi. Ukishajua alichokuwa akifanya, unasikia vidole. Unasikia kile kitambo ambacho mtu anasubiri noti yake ifike mbali na kuisha, aamue kama anaipenda.

Nyuma ya piano kuna redio. Karl Lippegaus ametajwa kwenye jalada kama aliyekuwa akiitafutia stesheni, na Czukay mwenyewe alikuwa na mashine yake ya diktafoni, ile ya maofisini ya kurekodia barua kwa sauti, ambayo aliigeuza chombo cha muziki: anarekodi vipande vya orkestra au sauti za watu, kisha anavirusha ndani ya mvumo akiruka kutoka sehemu moja ya kanda hadi nyingine. Sauti hizo hazikai. Orkestra inafunguka sekunde chache, inafunikwa. Mtu anazungumza, huelewi lugha gani, anaondoka.

Nilipomwekea mjomba wangu upande wa kwanza, mzee aliyezeeka na redio ya National ya bendi tatu kwenye kibaraza chake, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Ilipofika sehemu ambayo sauti ya mtu inajitokeza na kuzama, mkono wake wa kulia ulijiinua kutoka gotini, kidole gumba na cha shahada vikisuguana polepole.

“Irudishe kidogo,” akasema. “Umempita.”

“Nimempita nani, mjomba?”

“Msomaji. Alikuwepo hapo. Mwanangu, ukizungusha kwa pupa utawakosa wote.”

Nikamweleza kwamba hii ni albamu, hairudi wala haiendi, ndivyo ilivyorekodiwa. Hakubishana. Alisema tu kwamba aliyerekodi anajua redio, kwa sababu amemwacha msomaji azame bila kumkimbilia. Sijasoma uchambuzi wa albamu hii uliofika karibu na jambo hilo kuliko alivyofika yeye.

Wasikilizaji wa Kiswahili wa umri wake wana haki ya pekee katika muziki huu, na sababu yake ni ya kihistoria. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza 1963, na makao ya Deutsche Welle yalikuwa Cologne hadi 2003. Kuanzia 1965 walikuwa na kituo cha kurushia matangazo Kigali, Rwanda. Kwa hiyo usiku ule Sylvian anapapasa harmonia Weilerswist, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo kulikuwa na jengo ambamo Waswahili walikuwa wakisoma habari kwa watu wa Kigoma, Bujumbura, Mombasa na Bukavu, na watu hao nao walikuwa wameinama kwenye redio zao, wakizungusha. Tendo ni lilelile pande zote mbili. Tofauti ni kwamba huku mtu alitaka kumfikia msomaji, na kule walitaka ile njia ya kumfikia.

Ile njia ina sauti zake na zote zina sababu. Masafa mafupi husafiri mbali kwa sababu mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga, lenye chembe zilizochajiwa na jua, na kurudishwa chini. Lakini wimbi moja hufika kwako kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazilingani urefu. Zikifika pamoja zikakubaliana, sauti inajaa. Zikipingana, inazama. Tabaka lenyewe halitulii, kwa hiyo sauti hupanda na kushuka kwa mwendo wa polepole ambao hakuna mtu aliyeupanga. Na stesheni mbili zikikaa karibu mno, tofauti ya masafa yao husikika kama mluzi mwembamba. Ukirudi sasa kwenye Plight, utagundua kwamba kila kitu humo, hata vyombo visivyo redio, vimechanganywa vifuate tabia hiyo: hakuna kinachoanza kwa ghafla, hakuna kinachokatwa, kila mlio unajaa na kuzama kwa mwendo wa anga. Huo ndio uamuzi mkubwa wa upande wa mashine. Bila huo, kanda za mtu anayetafuta zingebaki kuwa kanda za mazoezi.

Jaki Liebezeit, mpiga ngoma wa Can na kwa maoni yangu mmoja wa wapiga ngoma wakubwa wa karne iliyopita, ametajwa hapa kwa kazi ya infrasaundi, yaani milio ya chini kabisa mpakani mwa usikivu wa mtu. Mpiga ngoma bila ngoma, mwimbaji bila wimbo. Ukisikiliza kwa spika ya simu, mchango wake wote haupo. Spika ile ndogo haina uwezo wa kusukuma hewa kwa milio mizito, na kinachobaki ni ubaridi wa juu usio na sakafu. Watu wengi wanaoniambia albamu hii ni tupu waliisikia hivyo. Tafuta hedifoni zinazofunika sikio, au spika mbili za kawaida zilizowekwa mbalimbali, na usiweke sauti kubwa: iwe juu kidogo tu ya kelele za chumba chako. Ikiwa feni inazunguka au mvua inapiga bati, acha. Muziki huu ulitengenezwa na watu waliopenda mkwaruzo, na hauogopi mkwaruzo wa kwako. Kinachouharibu ni kuufanya uwe wa nyuma wakati unaandika ujumbe. Unaweza kufanya hivyo, lakini utasikia mvumo bila kusikia kutafuta, na nimeshasema mvumo peke yake si kitu.

Upande wa pili, Premonition, ni mgumu zaidi. Kuna matukio machache, mvumo umekaa imara zaidi, na giza lake halifungukifunguki. Kwa miaka niliuona kama kivuli cha wa kwanza. Siku hizi nauona kuwa ni mahali ambapo wanajaribu wanaweza kukaa na noti ileile kwa muda gani kabla haijawa mahali pa kupumzikia, na kwa sehemu kubwa wanaweza. Dakika za katikati ndizo ninazoziona dhaifu. Hapo mkono umeshatulia, na Czukay safari hii hakuukatiza.

Kuna jambo lazima lizungumzwe katika kisa hiki, nalo ni ruhusa. Mtu amerekodiwa bila kuambiwa. Kwa Sylvian jambo lilijimaliza kwa heshima: alisikia kanda, akaziona zina thamani, akafanyia kazi matokeo yake, na jina lake liko kwenye jalada sawa na la mwenzake. Lakini tabia ya Czukay ya kunasa ilikuwa na historia ndefu. Katika wimbo wake Persian Love wa 1979, mwimbaji wa Kiirani aliyenaswa kutoka masafa mafupi ndiye moyo wa wimbo mzima, na hakuitwa studioni. Naupenda wimbo huo na bado naona deni lake. Mwimbaji yule hakuwa akitafuta. Alikuwa ameshapata, amefanya kazi yake na kuimaliza, na mtu wa mbali akaichukua kama malighafi. Katika Plight redio imetumika kwa namna nyingine. Hakuna sauti ya mgeni inayobebeshwa wimbo. Zinapita, zinaachwa ziende. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa, kwa masikio na kwa haki pia.

Ushahidi kwamba nguvu ya albamu ilitokana na kutojua uko katika albamu iliyofuata. Mwaka 1989 wawili hao walitoa Flux + Mutability, tena vipande viwili virefu. Safari hii watu walikuja wakijua kinachofanyika. Liebezeit yuko na midundo, Michael Karoli wa Can yuko na gitaa, Markus Stockhausen, mtoto wa yule mwalimu, anapuliza flugelihoni, ndugu wa tarumbeta, vizuri sana. Ni muziki mzuri. Flux ina mwanga na nafasi, na mtu anayeogopa giza la Plight nitamwambia aanzie hapo. Lakini kila mpigaji anajua kwamba anapiga, na kila mmoja anatoa kilicho bora alichonacho, na hicho ndicho kinachokosekana ndani yake: ule muda ambao noti imepigwa na aliyeipiga bado hajaamua kama ni yake. Mutability, ambamo vyombo ni vichache, inaukaribia muda huo na kuugusa mara kadhaa. Mwaka 2018 kampuni ya Grönland ilizitoa albamu zote mbili pamoja, na kuzisikiliza kwa kufuatana ndiyo njia rahisi ya kulithibitisha hili kwa masikio yako.

Czukay alifariki Septemba 2017, hukohuko Weilerswist, katika jengo lililokuwa studio, ambalo alikuwa ameligeuza makazi yake. Liebezeit alikuwa ametangulia Januari ya mwaka huohuo.

Sylvian aliendelea kuimba, na sehemu ya kisa inayonivutia zaidi sasa ni kile alichofanya na somo la Weilerswist akiwa mtu mzima. Katika Blemish ya 2003 alipokea rekodi za gitaa za Derek Bailey, mzee wa upigaji usiopangwa, akatafuta sauti yake ikae wapi juu yake. Katika Manafon ya 2009 alikwenda mbali zaidi: aliwakusanya wapigaji kama Keith Rowe, Evan Parker na John Tilbury, akawarekodi wakitafuta bila wimbo wowote mezani, kisha akaandika maneno na kuimba juu ya kanda hizo. Kile alichofanyiwa kwenye harmonia, sasa alikuwa akiwafanyia wengine kwa ruhusa yao. Manafon ni albamu ngumu kuliko Plight, na wengi waliompenda kwa ajili ya Ghosts waliishia mlangoni. Mimi naiweka juu ya kila alichoimba kabla yake, kwa sababu ndani yake sauti yenyewe inafanya kile vidole vilivyofanya 1986: inagusa neno, inasubiri, haina haraka ya kujua wimbo unakwenda wapi.